Kaburi la Vilele vya Mihogo

Mimi shule niliiacha hata tebo ya saba ya kuzidisha sijaimaliza, lakini kisa hiki nilikielewa mara moja. Wewe mwenye joho la digrii kisome taratibu, usije ukajikwaa.

Kulikuwa na mama mmoja, Holo, mke wa Nkwabi, katika kijiji cha wafugaji na wakulima wa mihogo. Alikuwa na zizi la mbuzi, na kila kiangazi mbuzi wake walibaki mifupa inayotembea. Mwaka huo akaapa kwamba haitatokea tena.

Watu wakivuna mihogo, vile vilele vya juu vyenye majani machanga huachwa shambani vikauke. Bwana mifugo alimweleza Holo kwamba vikikatwakatwa, vikanyaushwa ili sumu ipungue, kisha vikashindiliwa shimoni na kufunikwa kwa nailoni pasiingie hewa hata ya kumtosha sisimizi, vinachachuka na kuwa chakula cha kiangazi. Wanakiita saileji. Sharti ni moja tu: shimo lisifunguliwe kabla hakijaiva.

Nkwabi alimcheka mkewe. Alisema kisamvu kibichi kilishamuulia beberu, na hataki kusikia tena habari hizo. Wakagombana kwa sauti ambayo kijiji kizima kiliipata bila kiingilio. Asubuhi Nkwabi akabeba begi akaenda machimboni, na simu yake ikazimika.

Wiki hiyohiyo, nyuma ya nyumba kukaonekana tuta refu la udongo mbichi. Juu yake mawe, pembeni miiba ya kuzuia mbuzi.

Sasa sikia. Kwao wafu huzikwa nyumbani, na kaburi jipya huwekewa mawe na miiba vilevile. Ugomvi umesikika, mume haonekani, tuta hilo hapo. Hesabu hiyo hata mimi ningeipata.

Shigela, mdogo wake Nkwabi, ndiye aliyeipata wa kwanza. Alimuuliza shemeji yake amezika nini pale. Holo akajibu kwamba ni chakula cha mbuzi. Watu wakatazamana. Tangu lini chakula kikazikwa? Wakamwambia afungue waone, akakataa, akasema hewa ikiingia kitaoza. Hapo hata waliokuwa wakimtetea wakajiunga na wenye shaka.

Siku walipokuja na majembe, Holo alikuwa amekaa juu ya tuta. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Limbu, alimsihi ashuke kwa hiari yake, yasije yakawa makubwa.

"Shemeji," Shigela akasema, "kama kaka yangu hayumo humo, unaogopa nini?"

"Naogopa njaa. Mkifungua leo, mbuzi wangu hawafiki mvua."

Wanawake wawili wakamshika mikono wakamshusha. Majembe yakaanza kazi, vilio vikaanza, vumbi likapanda.

Katikati ya vumbi hilo akaingia mwanamume mbio, begi mgongoni, mweupe wa vumbi la machimbo mpaka kope. Njiani alikuwa ameambiwa neno moja tu, kwamba kwa Nkwabi wanafukua maiti. Hakuuliza ni ya nani. Akampokonya mtu jembe, akachimba kuliko wote, huku analia, "Mke wangu, mke wangu."

Holo alimtambua. "Nkwabi, acha!" akapiga kelele, lakini kwa vilio vile mumewe hakumsikia.

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Wakasema Holo ameanza kuongea na marehemu.

Yule mwanamume ndiye aliyeifikia nailoni, na ndiye aliyeichana.

Harufu ikatoka, kali na chachu, kama togwa iliyosahaulika mtungini. Waombolezaji wakaziba pua, wakisubiri kuona mguu. Wakaona majani. Wakachimba tena, majani. Mpaka chini kabisa, majani matupu. Shigela akainua uso amwambie mchimbaji mwenzake apumzike, akakutana na kaka yake. Jembe likamponyoka. Mama aliyekuwa ameanzisha wimbo wa msiba akaukata katikati ya ubeti.

Marehemu alikuwa amesimama ndani ya kaburi lake mwenyewe, majani kwenye nywele, anauliza nani amekufa.

Ningekuwepo ningecheka mpaka nilazwe. Holo hakucheka. Alishuka shimoni, akaokota vipande vya nailoni, akajaribu kuviunganisha. Havikuungana. Nkwabi alipomwona yu hai, alitaka kumkumbatia. Holo akampa vipande vile avishike.

Shigela akapiga magoti. "Shemeji, tusamehe. Sisi tulikuja kutafuta maiti."

Holo akatazama zizini.

"Msiwe na haraka," akasema. "Kiangazi bado hakijafika katikati. Mtazipata pale."

Mbuzi walikula walichokiwahi kabla hakijaota ukungu. Kilichobaki kilitupwa. Mvua zikachelewa, na walewale waliofukua ndio waliokuwa wakiitwa kuja kufukia, mbuzi mmoja baada ya mwingine. Shigela alikuwa wa kwanza kufika kila alipoitwa, jembe begani.

Kitume kwenye kundi la ukoo wenu, hasa kwa yule mjomba anayejua kila kitu.

Funzo: Mtu akikupa jibu usilolielewa, kutoelewa kwako si ushahidi dhidi yake. Uliza mpaka uelewe kabla hujashika jembe, maana kuomba radhi hakurudishi kilichokwisha kuharibika.