Kwa Nini Jumba la Bi Mwanakheri Limetobolewa Tumboni

Kaeni vizuri, maana jumba hili mnalipita kila siku na hamjui limetokea wapi.

Zamani, pale katikati ya jiji palipo na maduka, hapakuwa na duka hata moja. Palikuwa na kiwanja cha mchanga na njia moja iliyotoka msikitini ikanyooka mpaka makaburini. Wanaume walipita hapo na majeneza yao, mwendo wa haraka, kwa kuwa maiti hacheleweshwi. Wanawake hawakufuata. Kwao wao, mlango wa nyumba ya msiba ndio uliokuwa mwisho wa kuagana.

Kiwanja hicho alikinunua Bi Mwanakheri binti Shomari. Mama huyu alianza kwa kutembeza kanga majumbani, mzigo begani, jua utosini, na sasa alitaka duka lenye ghorofa ambalo mtu akishuka tu kwenye treni aulize ni la nani. Kusema kweli, alistahili. Tatizo lake lilikuwa kichwa kigumu. Akishaamua jambo, hata ungegaagaa chini asingegeuka.

Kazi ya kujenga alimpa kaka yake, Fundi Kibwana, mwashi aliyesifika mji mzima na mtu asiyekosa maziko, hata ya asiowajua. Kibwana aliitazama ile njia, akajikuna kidevu.

“Mwanakheri mdogo wangu, hapa katikati tuache upenyo. Watu wapitishe maiti wao.”

“Upenyo ndani ya duka langu? Kaka, jua lote lile limenichoma ili nije nijenge uchochoro? Wazunguke huko relini. Aliyekufa hana haraka.”

Neno hilo lilitembea mjini kuliko kanga zake zote. Maalim Dossa, imamu wa mtaa, alikwenda kumsihi, naye akajibiwa vilevile.

Jumba likasimama, na lilikuwa zuri, hilo hakuna aliyebisha. Watu wakazunguka relini na majeneza yao juani. Hawakumgombeza Bi Mwanakheri, wala hawakuacha kumsalimia. Waliacha kumpa habari za misiba, basi. Sisi watu wa pwani tunajua maana yake: aliyenyimwa habari za msiba ametengwa. Mama wa watu akawa anasikia vifo vya majirani kutoka kwa wateja, matanga yameshaanuliwa. Alijitia hajali, na huku ilimchoma.

Kisha homa ikamchukua Kibwana, ghafla tu. Alifia palepale ghorofani, alikokuwa akiishi na dada yake. Bi Mwanakheri akakaa kando ya maiti akiusikiliza mlango. Hofu yake ilikuwa moja: nani atambeba kaka yangu?

Walikuja. Mtaa mzima ulikuja, maana hawakuwa na ugomvi na Kibwana. Wakamwosha, wakamvika sanda, wakampeleka msikitini kumswalia. Bi Mwanakheri alibaki na wanawake wenzake, akasimama dirishani. Akaliona jeneza linatoka msikitini. Alidhani litakata kona kwenda relini. Halikukata. Lilikuja moja kwa moja kwa njia ya zamani, likasimama mbele ya mlango wa duka lake.

“Bi Mwanakheri!” Maalim Dossa aliita kutoka chini, kwa upole. “Marehemu ameniusia apitishwe njia yake. Tufanyeje, mwanangu?”

Akashuka mbio, akafungua duka. Wanawake wakasukuma marobota ya kanga huku na huku mpaka ukuta wa nyuma ukaonekana.

“Hakuna mlango huko nyuma,” alisema. “Bomoeni.”

Vijana wakaleta sululu, wakijiandaa kwa kazi ya kutwa. Lipu ikaanguka kwa pigo la kwanza. Nyuma yake mawe yalipangwa makavu, bila tone la chokaa, wakawa wanayatoa kwa mikono. Yalipokwisha, mbele yao likabaki tao safi, limechongwa kwa ustadi, upana wake jeneza na wachukuzi kila upande. Kibwana alikuwa ameujenga upenyo tangu mwanzo. Aliuziba tu, akimsubiri dada yake.

Bi Mwanakheri akalia kwa sauti, hakujali nani anamtazama. Wachukuzi wakaingia taratibu, maana sakafu ilijaa mawe na kanga. Yeye akanyoosha mkono, akaligusa jeneza, akatembea nalo ndani ya duka lake mpaka kwenye tao. Hapo akasimama.

“Nenda, kaka yangu. Nisamehe.”

Na tangu siku hiyo jumba lile lina njia tumboni, na njia hiyo haina mlango. Wenyewe wamebadilika, maduka ya kanga yamekuwa ya simu na ya dawa, lakini hakuna aliyethubutu kuweka hata kreti la soda pale kati. Jeneza likija, wenye maduka hufunga ubao mmoja wa milango ya maduka yao wakatoka nje. Wanawake wa marehemu hutangulia, wakajipanga kwenye kuta za pande zote mbili, maana pale ndipo wanapoagana naye sasa. Wachukuzi, waliokuja mbiombio tangu msikitini, hupunguza mwendo, na wakishavuka tao hukaza tena.

Mgeni akiuliza kwa nini wanakwenda polepole pale tu, huambiwa kwamba hapo, chini ya jumba la Bi Mwanakheri, aliyekufa hana haraka.