Kwa Nini Twauliza Kwanza, "Wanabishana au Wanagombana?"

Sogeeni. Na wewe mwenye muhogo mdomoni, tafuna polepole, maana sitapandisha sauti kwa ajili yako.

Kulikuwa na wakati mji wetu huu ulikuwa na neno moja tu la watu wasiopatana: ugomvi. Mke na mume wakivutana juu ya chumvi ya mchuzi, ugomvi. Wanaume wakikimbizana na mapanga, ugomvi huohuo. Na adhabu nayo ilikuwa moja. Pembe ya kutangaza ugomvi ikipulizwa, mmoja alibaki, mwingine alivushwa mto akaishi ng'ambo mpaka kufa. Watu waliishi roho juu. Mtu aliona paa lake linavuja akanyamaza, asije akaambiwa amegombana na aliyeliezeka. Mambo gani hayo!

Mpuliza pembe alikuwa mjane mmoja, Nyamvula, mwenye sikio kali. Msimseme vibaya, kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa mbaya. Alikwisha kuvusha watu wengi, na chakula kilikuwa hakimpandi. Mtoto wake alikuwa mmoja, Mbeyu, aliyeolewa miezi miwili nyuma na Ndoro, mchonga mizinga ya nyuki, nyumba ya tatu kutoka kwake.

Asubuhi moja Nyamvula alikuwa akipepeta mtama aliposikia sauti ya Mbeyu imepanda. Ya Ndoro ikajibu, nayo juu. Ungo ukamtoka mikononi. Majirani nao walikuwa wakisikia, na asipopuliza angevushwa yeye. Akipuliza, mwanawe angepoteza mume. Akaichukua pembe akaenda. Alipofika nyuma ya ukuta akasikiliza maneno yenyewe, jambo ambalo, Mungu amsamehe, hakuwahi kulifanya kwa wenzao.

"Tuihame nyumba hii, mto unapanda!" Mbeyu alisema.

"Umepanda kiasi gani?"

"Jana ulikuwa chini ya mfenesi, leo umeupita."

"Na mizinga yangu nitaiweka wapi?"

"Hilo sijalifikiria. Hebu ngoja."

Kila mmoja alimngoja mwenzake amalize. Kila swali lilitaka jibu. Nyamvula alijua hicho si ugomvi, ila hakuwa na jina la kukiita.

Mara akatokea Mzee Mwaruwa, mkuu wa mji, watu nyuma yake. "Mbona hupulizi? Hawa wanagombana!"

"Hawagombani, mzee wangu. Wana... wanajadiliana."

Neno hilo alilitoa wapi, mimi sijui. Hofu humfundisha mtu.

"Hakuna neno hilo!"

"Lipo sasa. Anayejadili anataka kujua. Anayegombana anataka mwenzake aumie."

"Ni ugomvi! Puliza!"

"Sipulizi!"

"Puliza, nasema!"

"Sipulizi, nasema!" Nyamvula akaishusha pembe. "Na sisi je, mzee? Sauti zetu zimefika mtoni. Nipulize tuvushwe, mimi au wewe?"

Mwaruwa akageuka. Aliutazama mto. Watu nao walikuwa wakimtazama yeye.

"Mimi sitaki uumie," alisema taratibu.

"Najua. Unataka kunishinda tu. Huko ni kubishana."

"Eeh, ndiyo! Sisi tunabishana tu," alisema Mwaruwa upesi, na wote waliosimama pale wakalisikia neno likitoka kinywani mwa mkuu wao.

Nyumba ya Mbeyu ilihamishwa siku ileile, mizinga na vyote. Majina mengine, majibizano, malumbano, mzozo, yalikuja baadaye, watu walipozoea kusikiliza.

Lakini siku ileile, kabla ya adhuhuri, mwanamke aitwaye Dzame alikuja kwa Nyamvula akasimama mlangoni. Mumewe alivushwa kwa pembe ya Nyamvula, akafia ng'ambo.

"Mama, siku ile sisi tulikuwa tunatafuta jina la mtoto," alisema. "Yeye alitaka la babake, mimi nikamuuliza kwa nini. Je, ile yetu ilikuwa ipi?"

Nyamvula alitamani kusema uongo.

"Mlikuwa mnajadiliana, mwanangu."

Dzame alikaa chini palepale akalia, na Nyamvula akakaa kando yake.

Na tangu siku hiyo, sauti zikipanda kwa jirani, hatukimbilii kusema lolote. Tunasogea ukutani, tunauliza kwanza: wanabishana au wanagombana? Na anayejibu kabla ya kusikiliza, hapa kwetu tunamnyamazisha, hata akiwa mkuu.