Kwa Nini Kibao cha Kukunia Nazi Kinaitwa Mbuzi

“Reale nne hazikamuliwi,” alisema Bi Mize.

Fedha zilikuwa juu ya mkeka, zimepangwa mstari mmoja, na Shaame, fundi wa vitanda, alikuwa amechuchumaa nyuma ya mkeka kama mtu anayeuza samaki waliolala. Alikuwa ameshapandisha dau mara mbili tangu asubuhi. Alianza na kuku wawili, akaja na kitanda cha kamba, sasa reale nne, ambazo kwa siku zile zilitosha mbuzi wawili na kamba za kuwafungia.

“Basi chukua ukanunue mwingine, bibi yangu.”

“Nikanunue wapi?”

Shaame alitazama mlangoni, akatazama dari, akatazama reale zake. Akazisukuma mbele kidogo.

“Mbuzi mmoja,” alisema Bi Mize. “Jike. Mwenye maziwa. Ndivyo nilivyokupa, ndivyo utakavyonirudishia.”

Nawaanzia hapo kwenye ugomvi kwa sababu sipendi hadithi inayozunguka nyumba mara saba ndipo ibishe hodi. Nanyi endeleeni kukuna, nazi bado nyingi. Subira, kaa. Usijifanye unakwenda kuchota maji. Hii utaisikia mpaka mwisho.

Zamani hizo nazi ilikuwa ya kutafuna tu. Mtu aliivunja, akaibandua vipande, akatafuna njiani akienda zake. Kwamba ndani yake mlikuwa na tui, hakuna aliyejua. Mchuzi ulikuwa maji na chumvi. Muhogo ulichemshwa ukaliwa huku mtu ametazama pengine. Vibao hivi mlivyovikalia havikuwako, na ukisema mbuzi ulikuwa umesema kitu kimoja: mnyama mwenye ndevu anayekula nguo zako zilizoanikwa.

Mwaka mmoja kabla ya ugomvi huo, ugonjwa ulipita ukawafyeka mbuzi wa mtaa ule na mitaa ya jirani. Walikufa wakiwa wamesimama. Alibaki mmoja tu, jike mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, na mwenyewe alikuwa Bi Mize, mjane. Bi Mize alikuwa na binti, na binti alifariki akamwachia mjukuu, Faki, ambaye wakati wa ugomvi alikuwa na miezi minane.

Faki hakuwa akila uji mkavu. Ukimtia mdomoni anautema, unamrudia kidevuni, analia. Lakini ukiuchanganya na maziwa ya mbuzi, anakula mpaka anaishika kata kwa mikono miwili. Mwanamke anayenyonyesha alikuwa mmoja mtaa mzima, naye alikuwa na pacha wanaomkausha. Kwa hiyo maisha ya mtoto yule yalifungwa kwenye kamba moja na mbuzi, na Bi Mize alilijua hilo kila alipofumbua macho. Kila asubuhi alitoka uani kumhesabu mbuzi wake. Mbuzi ni mmoja, naye anamhesabu. Akirudi ndani, baada ya kitambo anatoka tena, anamhesabu tena.

Sasa Shaame alikuwa anaoza binti. Siku ya shughuli, asubuhi mapema, alikuja kwa Bi Mize, akavua viatu mbali na mlango, ndipo unapojua mtu ana shida.

“Bibi, niazime mbuzi. Nimfunge uani kwangu leo tu, wakwe wamwone.”

“Wamwone afanye nini?”

“Wamwone tu. Waone sisi si watu wa kuku.”

Bi Mize hakutaka. Lakini Shaame ndiye aliyemtengenezea marehemu binti yake kitanda cha uzazi bila kuomba hata shukurani, na mtu aliyekufanyia jambo kama hilo humwambii hapana. Alimkamua mbuzi wake, akajaza kibuyu, akamkabidhi kamba.

“Kabla ya magharibi awe hapa.”

“Kabla ya magharibi, bibi. Wallahi.”

Na hakuwa anadanganya. Nasema hivyo kwa sababu haki ni haki. Shaame hakuwa mwizi. Alikuwa na mdomo tu.

Wakwe walikuja na mpishi wao, mtu mgeni, asiyejua nani ni nani wala nini ni cha nani. Shaame alimpokea mbele ya wageni wote, kifua mbele, akapaza sauti ili hata walio nje ya ua wasikie: “Mpishi, usibane mkono! Kila unachokiona uani humu ni cha shughuli!” Kisha akaenda kupeana mikono na watu.

Mpishi akatazama uani. Akaona kuni, vyungu, gunia la mchele, kikapu cha vitunguu. Na akaona mbuzi.

Adhuhuri Bi Mize aliletewa sahani ya wali nyumbani kwake, yenye nyama juu, maana alikuwa mtu mzima na mtoto mgongoni na hakuweza kukaa kwenye msongamano. Alikula. Akawaambia waliomletea, “Nyama laini hii. Wakwe wamekuja na vitu.” Kipande cha mwisho alikitafuna kikalainika, akamtia Faki mdomoni.

Jua lilipoanza kushuka alikwenda kumchukua mbuzi wake. Aliikuta kamba kwanza, imelala chini. Akafikiri mbuzi amehamishiwa kivulini. Akaita. Kisha akainua macho akaiona ngozi, imetandazwa juu ya ukuta wa makuti, nyeusi, na baka jeupe ubavuni.

Alirudi nyuma hatua moja akashika tumbo lake.

“Mimi nimekosa nini?” mpishi alilalamika, Shaame alipomrukia. “Si ulisema cha uani chote ni cha shughuli?”

Ndiyo habari ya reale nne. Kesho yake ndipo zikapangwa mkekani, na Bi Mize akazikataa, na wazee wa mtaa wakaitwa. Wazee hawakuzunguka. Waliuliza kibuyu kina maziwa ya siku ngapi. Bi Mize akasema, akiyaongeza maji, siku mbili. “Basi una siku mbili, Shaame,” wakasema, wakainuka.

Shaame alitembea. Alikwenda kijiji cha kwanza akakuta mazizi matupu, cha pili vivyo hivyo. Cha tatu alimkuta mbuzi mmoja, akalipa bila kuuliza bei, akamvuta njia nzima akimkokota kwenye vumbi, akafika kwa Bi Mize siku ya pili alasiri, jasho linamtiririka, uso unacheka.

Bi Mize aliinama akamtazama mbuzi yule chini ya tumbo. Akainuka akamtazama Shaame.

“Huyu nimkamue nini?”

Alikuwa beberu.

Siku ya tatu kibuyu kilikuwa kikavu. Bi Mize alikisuuza kwa maji, akayatia maji yale kwenye uji, na Faki alipoonja alitema. Akajaribu tena, akatema. Kufika mchana kilio cha mtoto kilikuwa kimepungua, kimekuwa kama cha kifaranga aliyepotea kwenye majani, na Bi Mize, asiyejua la kufanya na mikono yake, aliokota kipande cha nazi akaanza kutafuna kwa wasiwasi tu. Tone jeupe lilimdondoka kidoleni. Akalitazama. Akatema alichotafuna kwenye kitambaa safi, akakikamua juu ya uji, akakoroga, akampa Faki.

Faki alimeza, akafungua kinywa tena.

Bi Mize alikuwa na meno matano. Kwa meno hayo alitafuna nazi nzima, na jioni taya lilivimba asiweze kufumba mdomo. Majirani wakaja kumsaidia. Walikaa barazani kwake, wanawake sita, wakitafuna na kukamua, na kesho yake hakuna aliyeweza kusema neno, kila mmoja ameshika shavu. Mtaa wetu haujawahi kunyamaza namna ile, wala hautanyamaza tena.

Shaame alikuja siku hiyo akiwa amejiandaa kutukanwa. Hakuna aliyemtukana. Walimtazama tu, mashavu yamevimba, na kimya kile kilimtia hofu kuliko matusi yote. Aliona kipande cha nazi mkononi mwa Bi Mize, akaona mtoto anasubiri, na akaelewa kinachokosekana. Maziwa yapo. Meno hayapo.

Alirudi kwake mbio. Ubao mzuri wa mvule aliokuwa ameuweka kwa ajili ya kitanda cha binti yake aliukata, akatoa kiti kifupi cha miguu minne na shingo ndefu inayotokeza mbele. Jembe lake mwenyewe alilivunja, akalipiga motoni mpaka likawa ulimi, akachukua tupa akaanza kuchonga meno, moja moja. Nyumba ya Bi Mize haikuwa mbali. Alichonga akisikiliza. Faki akilia, Shaame anachonga. Faki akinyamaza, tupa inasimama, na Shaame anazuia pumzi mpaka kilio kirudi, ndipo anaendelea. Alijikata vidole viwili asijue, akaja kujua alipoona chuma kinateleza.

Asubuhi alikipeleka. Alikiweka mbele ya Bi Mize, na huo mdomo wake, hata siku ile, ukamponyoka.

“Bibi, nimekuletea mbuzi.”

“Yuko wapi?”

“Si huyu? Miguu anayo. Shingo anayo. Meno anayo, tena anakuzidi wewe. Na maziwa atatoa.”

Wale wanawake walicheka huku wakilia kwa maumivu ya mataya. Bi Mize hakucheka. Alikalia kile kibao, akachukua nusu ya nazi, akaiweka kwenye yale meno ya chuma, akazungusha. Nazi ilishuka nyeupe, laini, sahani ikajaa. Akatia maji kidogo, akakamua, na tui likashuka zito mpaka kibuyu kikafika shingoni. Faki alikula uji akalala palepale, kata ikiwa mkononi.

Bi Mize hakuinuka. Alisema akiwa amekaa juu yake.

“Shaame. Kwa kibao nakushukuru, mtoto amekula. Lakini usinichezee maneno. Mbuzi wangu aliondoka kwa neno lako, na sasa unataka kumrudisha kwa neno lako. Hiki ni kibao. Mimi nitakiita mbuzi, na si kwa ajili ya shingo wala meno. Nitakiita mbuzi ili kila nikikitaja usikie unachodaiwa. Siku utakayoleta wangu mlangoni, nitakiita kibao.”

“Sawa, bibi,” alisema Shaame. Alidhani ni hasira, zitapita.

Watu walikuja kwake kuagiza. Kila nyumba ilitaka, maana sasa mchuzi ulikuwa mchuzi, na muhogo ulikuwa kitu cha kumwitia mgeni. Wakauliza kinaitwaje, wakaambiwa anavyokiita Bi Mize. Shaame akapata kazi, akapata mali, na mbuzi waliporudi nchini akanunua wake, majike matatu. Kila Bi Mize alipopita mlangoni kwake aliuliza, “Mbuzi wangu?” na kila mara Shaame alijibu, “Mwezi ujao, bibi yangu.” Jirani akitaka kuazima kibao, Bi Mize alimwambia, “Namna hii hii ndivyo alivyoondoka yule wa kwanza,” kisha anakibeba mwenyewe, anakaa naye jikoni mpaka amalize, anarudi nacho kabla ya magharibi.

Faki alikua, mashavu yakamjaa. Bi Mize akazeeka akafa. Shaame naye akafa, na zizi lake likagawanywa na warithi. Mbuzi hakupelekwa.

Na tangu siku hiyo kibao cha kukunia nazi kinaitwa mbuzi, kwa sababu hakuna aliyelipa hata leo. Watakaowaambia ni kwa ajili ya shingo yake, wana maneno ya Shaame hao. Na ndiyo maana mtu akikuna humkalia kabisa, asije akaondoka kwenda kwenye shughuli ya watu. Na ndiyo maana mbuzi akiazimwa, siku ileile, jua halijazama, anarudi kwa mwenyewe.

Subira, wangu ulimchukua Ijumaa. Leo Jumanne. Nimesikia ameonekana kwa dada yako, na kabla ya hapo kwa mawifi zako. Elfu kumi ulizoniachia juu ya mtungi hizi hapa, zichukue, hazikuni nazi.

Nataka mbuzi wangu. Mlete.