Kobe wa Bi Mize na Uwanja Usio na Jani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa sahani iliyojaa, na mwenye njaa ubavuni pake!

Zamani, wanyama walipokuwa wakisema, na watu wakijifanya viziwi, alikuwako Bi Mize, mwanamke msafi kupita kiasi. Uwanjani aling'oa kila kilichoota, akafagia, akafagia, mpaka ardhi ikang'aa kama kipara. Siku moja akaletewa Kobe kutoka porini, bado mdogo, gamba gumu kama jiwe.

"Karibu, mwanangu," akasema. Akamweka barazani kivulini, akamwekea wali wa nazi.

Kobe akaunusa. Roho yake ilitaka nyasi, ilitaka majani ya mchunga na uchungu wake. Akaimba:

"Mama Mize, Mama Mize,
nipe majani, nipe na jua,
gamba langu lisilie."

"Majani! Watu waseme kwa Mize mgeni analishwa magugu?"

Njaa haina adabu. Kobe akala wali.

Gamba likaumuka vilima vilima. Kobe akaimba tena:

"Mama Mize, Mama Mize,
nipe majani, nipe na jua,
gamba langu lisilie."

"Unadeka tu wewe!" Akamletea maandazi yaliyochovywa kwenye maziwa.

Mbuzi wa jirani akachungulia juu ya ua, anatafuna. "Ewe mtoto wa kitajiri, maandazi matamu?"

"Ndugu yangu, nidondoshee hata jani moja."

Mbuzi akadondosha shina la mchunga. Kobe akaenda, akaenda, akaenda. Mwendo wake mnaujua. Ufagio ukafika kwanza.

Gamba likalainika kama embe bovu. Miguu ikakataa kumbeba. Akaimba mara ya tatu, na sauti ikaishia kwenye "nipe".

Bi Mize akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, tusimsingizie. "Mwanangu anaumwa! Mchinjieni kuku, apate supu!"

Supu ikapoa. Kobe akafa tumbo limejaa, njaa yake haijaguswa.

Matangani wanawake wakasema, "Jamani, Mize alimpenda yule! Hakumnyima kitu."

Mvua ikanyesha. Juu ya kaburi ukachipua mchunga, mbichi, umenawiri. Bi Mize akauona, akaja mbio.

"Magugu juu ya kipenzi changu!"

Akaung'oa. Akafagia.

Hadithi yangu imekomea penye ufagio. Anayekulisha asichokuuliza analisha sifa zake. Na wewe unayecheka hapo nyuma, kobe wako leo amekula nini? Mkate? Haya, kalie matanga mapema.