Nkulu Aachishwa Ziwa

Watu wawili wakiishika kamba, kila mmoja akavutia kwake, kamba haikatiki mikononi mwao. Hukatika pale ilipokonda. Ndivyo ilivyokuwa Kolwezi, huko Katanga, mwaka ule Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa, stesheni ikajaa watu, magodoro na sufuria, wakingojea treni ya kuwarudisha kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Tshibola alikuwa Mkasai. Mumewe, Kyungu, alikuwa Mkatanga, na ndugu zake walimsakama mpaka akapeleka shauri la talaka kortini. Kabla ya hukumu jaji, naye Mkasai, akafukuzwa, korti ikafungwa. Tshibola akabaki ananing'inia, si mke, si mtalaka. Ndipo wazee wa pande zote mbili wakakutana parokiani, wakakata neno: hadi korti ifunguliwe, mtoto anayenyonya amfuate mama yake, aliyeacha ziwa abaki kwa baba. Basi Mignonne, binti yao wa miaka saba, angebaki. Nkulu, ambaye hata kutembea alikuwa bado anajifunza, angesafiri.

Tshibola alimlilia Mignonne hadi sauti ikamkauka. Kwa Nkulu alimshukuru Mungu.

Lakini wifi yake, Henriette, alikuwa na lake moyoni. Alikuja anacheka, akaomba ampeleke Nkulu kumuaga bibi yake. Akakaa naye siku kadhaa, akimlisha uji wa mahindi na kumfungia mlango kila alipomlilia mama. Tshibola alipomfuata, matiti yamevimba na kuwa magumu kama mawe, Nkulu aligeuza uso, akalikataa titi.

"Ameacha maziwa," Henriette akasema. "Sasa ni mutoto wetu. We panda treni yako, mama."

"Mi niko muzima, maziwa iko, na we ndiye unamuachisha?"

"Bazee balisema anayenyonya. Huyu hanyonye tena."

Tshibola alimpokonya mtoto, akatoka mbio hadi stesheni, vijana wakimzomea njiani kwa tusi la kuwaita Wakasai wadudu, "Bilulu! Badudu, murudie kwenu!"

Alipoketi ndipo alipousikia mwili wa mtoto unawaka kama jiko. Nkulu alitapika, akaharisha, macho yakadidimia. Kyungu akaja, amemshika Mignonne mkono. Alipomwona mwanawe, alinyoosha mikono.

"Mama Mignonne, nipe mutoto nimupeleke ku hopitali. Akipona nitakuletea."

"Kama vile dada yako aliniletea?"

"Mi sikumutuma."

"Lakini ulijua, ukanyamaza."

Kyungu akainamisha kichwa, maana ndivyo ilivyokuwa.

Mwanamke mmoja aliyeketi juu ya godoro akamwambia Tshibola kwa upole, "Mupe baba yake, mama. Huyu hatafika Kamina." Tshibola alijua kwamba asemayo ni kweli. Alijua, na mikono yake ikakataa. Akimwachia leo, nani atamrudishia kesho?

Treni ikapiga honi. Kyungu akamshika mtoto miguu, Tshibola akamkumbatia kifuani, wakavutana mbele za watu. Nkulu hakuwa na nguvu hata ya kulia. Aliyelia ni Mignonne: "Baba, muache! Mama, muache! Munamuumiza!"

Kyungu akaachia. Umati ukamsukuma Tshibola ndani ya behewa la mizigo, naye hakugeuka hata kumuaga binti yake.

Walipita stesheni ya Tenke. Kamina ilikuwa bado mbali Nkulu alipotulia tuli. Tshibola akamtia titi kinywani, akilitaja jina la Bikira Maria. Maziwa yalitoka yenyewe, yakatiririka shavuni mwa mtoto. Hakumeza.

Treni iliposimama porini, wanaume walichimba kaburi kwa vifuniko vya sufuria. Mtu mmoja akaanza Baba Yetu. Kabla ya amina honi ikalia, na watu wakamvuta Tshibola kutoka juu ya udongo, wakampandisha kama mzigo. Hata jina la mahali pale hakulijua, wala hakuwa na njia ya kumwambia Kyungu.

Henriette alibaki mzima Kolwezi, akijisifu kwamba alijaribu kumbakiza mtoto. Kyungu alibaki mzima, akimwambia Mignonne kwamba mdogo wake anakua huko Kasai. Tshibola alishuka Mwene-Ditu, huko Kasai, akiwa mzima pia, kitenge kimelowa maziwa. Wote watatu walivuta, na wote watatu wanaishi. Aliye chini ya udongo ni yule ambaye hakuvuta kitu. Kweli, kamba hukatikia pembamba.