Ufa Aliougusa Failbe

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika imani kwamba palikuwa na kijiji kidogo kando ya ziwa, huko Ayalandi, zama ambazo watawa, wanaume kwa wanawake, waliishi hapo kwa sala na kazi za mikono. Miongoni mwao alikuwamo Failbe, mja mcha Mungu, aliyetumia miaka sita kuchonga msalaba wa jiwe wenye kimo cha watu watatu. Ilibaki wiki moja askofu aje kuubariki.

Siku hiyo Failbe alikuwa akiupapasa kwa vidole, maana macho yake yalikwishadhoofika, akahisi ufa mwembamba kama unywele katikati ya nakshi. Alijua kwamba nta kidogo na vumbi la jiwe vingeuziba, asitambue mtu. Alijua pia kwamba maji yangeingia ufani na kuganda, baridi ya miaka michache ingelipasua jiwe, na msalaba ungewaangukia watu wakiwa katika sala.

Akamwendea Muirenn, Mama Mkuu wa jumuiya ile.

“Mama, jiwe lina ufa.”

Muirenn akaja, akalitazama sana. “Mbona siuoni, ndugu yangu?”

“Hata mimi siuoni. Nimeugusa.”

“Nani mwingine anajua?”

“Mola wetu.”

“Basi msalaba ulazwe chini,” akasema Mama Mkuu.

Wanakijiji walinung’unika. Jiwe jingine zima la kimo kile lilipatikana ng’ambo ya ziwa tu, na hapakuwa na chombo cha kulivusha. Failbe hakubishana nao. Alivuka kwa mtumbwi, akachonga msalaba mwingine hukohuko miaka minne. Kila aliyemuuliza msalaba utavukaje alimjibu, “Mimi nimepewa kuchonga.”

Majira ya baridi ya mwaka wa tano likatokea jambo ambalo hata vikongwe hawakupata kuliona: ziwa lote liliganda, ufuko hadi ufuko, likawa gumu kama sakafu. Watu wakasimama ufukoni, pumzi zikifuka midomoni. Kisha wakashika kamba, wake kwa waume, pamoja na wale walionung’unika, wakaukokota msalaba juu ya ziwa. Barafu ikanguruma chini ya miguu yao, isivunjike. Failbe, ambaye sasa alikuwa kipofu kabisa, alifuata nyuma, kiganja chake kikiwa juu ya jiwe, machozi yakimtiririka.

Siku ya tatu barafu ikayeyuka.

Wapendwa, Failbe hakuahidiwa barafu. Alikuwa radhi kufa, na kazi yake ibaki ng’ambo asikofika mtu kusali. Tumwombe Rabi atujalie ukweli wa namna hiyo, usiouliza kwanza utalipwa nini.