Kibanda cha Chai cha Kharwadi

Hapo zamani, lakini si zamani ya kusahaulika, nyuma ya vilima vya Bara Hindi palikuwa na kijiji kiitwacho Kharwadi. Kilikuwa kidogo, na kila mwaka kilizidi kuwa kidogo. Basi lilipita mbali, ng'ambo ya mto, na mtu akitaka kulipanda alitembea asubuhi nzima. Vijana wakachoka, wakahamia mjini.

Wanakijiji wakaenda kwa afisa wa mabasi. Akawaambia, "Ninyi hamfiki hata watu mia tatu. Ongezekeni kwanza. Na hata mkiongezeka, basi litapita wapi?"

Wakarudi vichwa chini. Watu walihama kwa kukosa basi, na basi halikuja kwa sababu watu wamehama.

Aliyekiweka hai kijiji siku hizo ni Mzee Dagdu, mwenye gari la maksai. Wagonjwa aliwabeba bure. Masika moja, mkwe wa Bi Shevanta alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mto umefurika. Katikati ya maji gari likapinduka, maksai mmoja akachukuliwa na mkondo. Dagdu akamwacha maksai, akambeba mwanamke mgongoni mpaka ng'ambo. Mama na mtoto wakapona. Maksai hakuonekana tena.

Bi Shevanta, mjane, alipompakata mjukuu wake alisema, "Asitokee mwingine wa kuvushwa hivi." Shamba lake la mtama lilikuwa kati ya kijiji na kivuko chembamba, pale tu ambapo barabara ingeweza kupita. Akalitoa. Hakuwa na jingine.

Barabara ikachongwa, kivukoni pakawekwa daraja, lakini watu bado hawakutosha. Habari zikamfikia Ratna, binti wa kijiji aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha nguo mjini. Akaacha kazi, akarudi na mumewe na watoto. Kabla ya kuondoka mjini alipita mlango kwa mlango kwa wenzake waliohamia huko, akiwasihi, "Turudini, kwetu kunakufa." Wengine walimcheka. Wengine wakafunga mizigo.

Afisa akaja, akahesabu, akakubali.

Basi lilipokaribia kuanza, baraza la kijiji likaamua kijengwe kibanda kimoja cha chai kituoni. Kimoja tu, maana viwili vingeuana njaa. Dagdu, Shevanta na Ratna, wote watatu wakakitaka.

Dagdu akasema, "Basi likija, nani atapanda gari langu? Niliwabeba mpaka nikabaki na maksai mmoja. Leo kile mlichokingoja ndicho kinachoninyang'anya kazi."

Shevanta akamgeukia. "Kaka Dagdu, mkwe wangu yu hai kwa mgongo wako, sikatai. Lakini mkwe na mjukuu hawali shukrani. Magurudumu yatapita juu ya chakula chetu kila siku, na mimi nitakuwa nimesimama kando nikitazama?"

Ratna alikawia kusema. Alimwonea haya mama aliyemjua tangu utotoni. Mwishowe akasema, "Mama, barabara yako ilikuwapo na basi halikuja. Nilikuwa na mshahara, sasa sina. Na wale niliowarudisha wananitazama. Wakiona mimi nimeshindwa kuishi hapa, watafunga mizigo tena, na basi litaondoka nao."

Kashinath, mkuu wa baraza, ndiye aliyepaswa kuamua, akaahirisha mpaka siku basi litakapofika.

Siku ya siku, honi ikalia kilimani. Watoto wakakimbia, wazee wakalia. Dereva akashuka akijifuta jasho, akauliza, "Jamani, chai napata kwa nani?"

Watu wote wakamtazama Kashinath, naye akatazama chini. Wale watatu walikuwa wamesimama pamoja, Shevanta amemshika Ratna mkono, na Dagdu kando yao.

Basi nanyi mlionisikiliza, kalieni kiti chake Kashinath. Mmoja alikiweka kijiji hai, mmoja alikipa njia, mmoja alikirudishia watu. Je, nani alistahili kupewa kibanda?